Shangazi, nimchagulie mwanangu baiskeli ipi kati ya hizi zisizo na pedali?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume na ninaishi Tanga. Mwanangu ametimiza miaka miwili na miezi minne, ana kilo 12 kwa kipimo cha mwisho cha kliniki, na tangu alipoanza kukimbia vizuri hakuna anachokipenda kuliko baiskeli. Kila fundi baiskeli tunayempitia lazima tusimame, yeye azungushe gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, na kumwondoa pale huwa ni kilio.

Dada yangu anayeishi Muscat anakuja likizo mwezi ujao na amejitolea kumletea zawadi. Amenitumia picha za zile baiskeli ndogo zisizo na pedali wala mnyororo, ambazo mtoto huketi akajisukuma kwa miguu yake. Ziko za mbao, za chuma na za plastiki. Nyingine zina matairi ya sponji na nyingine ya kujaza upepo. Moja ina breki ya mkono, zilizobaki hazina. Karibu maboksi yote yameandikwa miaka miwili hadi mitano, kwa hiyo umri haunisaidii kuchagua.

Mume wangu hakubaliani na jambo lenyewe. Anasema baiskeli isiyo na pedali ni nusu ya baiskeli, kwamba baada ya mwaka itatupwa, na kwamba ni afadhali tununue moja kwa moja yenye pedali na vigurudumu vya pembeni ili mtoto akue nayo. Yeye alijifunza kwa Phoenix kubwa ya babu yake, akipitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti hakukifikia, na haoni kwa nini mambo yabadilike. Baba mkwe naye ana njia ya tatu: tununue baiskeli ndogo ya mtumba, fundi azing'oe pedali, kisha azirudishe mtoto akishajua.

Mimi mwenyewe nina hofu. Ua wetu ni wa mchanga, na nje ya geti bodaboda zinapita mchana kutwa. Je, kwa umri huu si mapema mno? Na kama si mapema, nimwambie dada yangu aangalie nini kwanza?

Mama wa mtoto mmoja, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Si mapema. Mtoto anayetembea kwa uhakika, anayekimbia na kusimama mwenyewe bila kuanguka, anaweza kuanza, na wengi huanza kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Ila nakuomba umzuie dada yako asilipie chochote kwanza, kwa maana kipimo kinachoamua jambo hili hakimo kwenye boksi wala kwenye picha alizokutumia. Kipo kwenye miguu ya mwanao, na ni wewe pekee uliye karibu nayo.

Mvue viatu, umsimamishe mgongo ukiwa umegusa ukuta na visigino vimegusa ukuta, miguu imeachana kidogo. Chukua kitabu chembamba chenye jalada gumu, ukipitishe katikati ya mapaja yake, ukipandishe taratibu mpaka kikomee juu kabisa, huku ubavu mmoja wa kitabu ukiwa umelala ukutani ili kisiende upande. Weka alama ya penseli ukutani usawa wa ukingo wa juu wa kitabu, kisha upime kwa futi ya fundi cherehani kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Rudia mara ya pili, kwa sababu mtoto wa umri huo hasimami wima kwa hiari yake. Tuseme umepata sentimita 35. Basi kiti cha baiskeli, kikishushwa mpaka mwisho, kiwe sentimita 32 au chini ya hapo. Tofauti hiyo ya sentimita mbili na nusu au tatu ndiyo inayomwezesha kuketi huku nyayo zote mbili zimelala chini, visigino vikiwemo, na magoti yamekunjika kidogo. Mtoto anayegusa kwa ncha za vidole hana nguvu ya kujisukuma na hana uwezo wa kujizuia asianguke, na hiyo ndiyo baiskeli utakayoikuta imeegemezwa ukutani baada ya wiki moja, nanyi mkadhani mtoto ameikataa.

Muulize dada yako namba mbili: kiti kinashuka hadi sentimita ngapi, na kinapanda hadi ngapi. Watengenezaji makini huandika zote mbili. Ya kwanza inakwambia kama mwanao anaweza kuanza leo, na ya pili inakwambia ataitumia kwa muda gani. Kiti kinachoanzia sentimita 30 na kupanda kupita 40 kitamfaa mtoto wako tangu sasa mpaka atakapokuwa tayari kwa pedali. Kuna nyingine kiti chake hakishuki chini ya sentimita 37 na bado kwenye boksi imeandikwa miaka miwili, na hiyo kwa mwanao wa leo ni kubwa.

Baada ya kiti, uliza uzito. Kanuni inayotumiwa na wengi wanaoshughulika na baiskeli za watoto ni kwamba baiskeli isizidi asilimia 30 ya uzito wa mtoto. Mwanao ana kilo 12, kwa hiyo mpaka wake ni kilo tatu na nusu hivi. Zipo nzuri zenye uzito wa kilo tatu, na zipo zinazopita tano. Tofauti hiyo kwako wewe si kitu, ila yeye ndiye atakayeinyanyua kila inapolala chini, atakayeigeuza kwa mikono kwenye kona ya ukumbi, na atakayeivuta kizingitini. Ikiwa nzito, nguvu zake zinaishia kwenye kazi hizo.

Sasa nizungumze na mumeo, maana hoja yake nimeisikia katika nyumba nyingi na inastahili jibu la heshima. Namwomba akumbuke ile Phoenix ya babu yake vizuri zaidi. Kabla hajapitisha mguu katikati ya fremu, alifanya nini? Kama alijifunza kama watoto wengi wa kwetu walivyojifunza, aliishika baiskeli kwa usukani, akakanyaga pedali moja kwa mguu mmoja, akajisukuma kwa mguu mwingine chini, akateleza hatua chache, akasukuma tena. Alikuwa anajifunza mizani. Akishaipata mizani ndipo akathubutu kupitisha mguu na kukanyaga. Baiskeli isiyo na pedali inamfundisha mwanao jambo lile lile kwa mpangilio ule ule, isipokuwa yeye ataketi mahali pa chini, kwenye chombo cha kimo chake, badala ya kuning'inia ubavuni mwa chuma kilichomzidi uzito.

Wala si nusu ya baiskeli. Chombo cha kwanza cha magurudumu mawili kilichojulikana, kile ambacho Mjerumani Karl Drais alikiendesha barabarani kutoka Mannheim mwezi Juni 1817, kilikuwa cha mbao na hakikuwa na pedali hata moja. Mtu mzima aliketi juu yake akakimbia kwa miguu. Pedali zilikuja kufungwa kwenye gurudumu la mbele huko Paris katika miaka ya 1860, yaani zaidi ya miaka arobaini baadaye.

Ama vigurudumu vya pembeni, kasoro yake iko katika kile vinachomzoeza mtoto. Baiskeli ya magurudumu mawili hukaa wima kwa sababu mwendeshaji, bila hata kufikiri, hugeuza usukani kidogo kuelekea upande ule inakoanza kulalia, na inapokata kona hulala kuelekea ndani ya kona pamoja na mwili wa mtu. Vigurudumu vya pembeni vinazuia mambo yote mawili. Haiwezi kulala, kwa hiyo mtoto hapati nafasi ya kuirekebisha. Na kwenye kona mwili wake hutupwa nje, akazoea kuegemea kigurudumu cha upande usiofaa. Siku vikiondolewa anaanza upya, na safari hii ana mazoea mabaya ya kuyaacha na hofu juu yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lisbon nchini Ureno waliwalinganisha watoto walioanza kwa baiskeli zisizo na pedali na wale walioanza kwa vigurudumu vya pembeni, wakaona kwamba wa kundi la kwanza waliweza kuendesha baiskeli ya kawaida peke yao mapema zaidi. Kukanyaga pedali ni jambo ambalo mtoto wa miaka minne hulielewa kwa haraka sana. Mizani ndiyo inayotaka muda, na muda huo mwanao anao sasa.

Pendekezo la baba mkwe wako nimelipenda, kwa sababu linaheshimu mfuko na linampa kazi fundi wa mtaani, na kwa mtoto wa miaka mitatu na nusu au minne ningelikubali bila kusita. Kwa mwanao bado. Baiskeli ndogo yenye pedali, ya gurudumu la inchi 12, imesanifiwa ili miguu ipate nafasi ya kuzunguka, kwa hiyo kiti chake mara nyingi hakishuki chini ya sentimita 40, na kwa kuwa ni ya chuma tupu, uzito wake hufika kilo saba au zaidi. Pima mguu wa mwanao, ulinganishe, utaona mwenyewe.

Hata hivyo, kwa kuwa barua hii itasomwa na wazazi wenye watoto wakubwa zaidi, niseme namna kazi hiyo inavyofanywa. Kung'oa pedali peke yake hakutoshi, maana ile mikono ya chuma inayozishika pedali itabaki imetokeza na itampiga mtoto kwenye mashavu ya miguu kila anapojisukuma. Fundi aondoe mikono hiyo na mnyororo pia. Akumbuke kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume: ukiitazama kutoka upande wake, hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea mwendo wa saa, na nati ya upande wa kushoto wa ekseli ya kati katika baiskeli nyingi za watoto ni hivyo hivyo. Asiyejua hilo huharibu nyuzi za skrubu kwa nguvu, na baadaye pedali hairudi. Tena kama breki yake ni ile ya kukanyaga kinyumenyume, ikishatolewa mnyororo breki haipo tena, kwa hiyo mtoto atasimama kwa miguu yake tu.

Turudi kwa dada yako na picha zake. Kuhusu kilichotengenezea fremu, mnaishi mji wa bahari, na hilo libadilishe uchaguzi wenu. Za mbao ni nzuri machoni na nyingi ni nyepesi, lakini huungwa kwa gundi na skrubu, na ikilala nje usiku mmoja wa mvua za masika mbao za tabaka huanza kuachana kingoni. Kiti chake pia mara nyingi huwekwa kwa matundu matatu au manne tu, kwa hiyo huwezi kukipandisha kidogo kidogo mtoto anavyokua. Chuma cha kawaida ni imara na fundi yeyote anaweza kukichomelea, ila rangi ikichubuka upepo wa chumvi utaanza kazi yake hapo hapo. Alumini haishiki kutu namna hiyo na ni nyepesi, na kama bei inaruhusu ndiyo ningeichagua kwa Tanga. Plastiki nene iliyotengenezwa vizuri haina ubaya kwa mtoto mdogo, ila mwambie dada yako aishike usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine, aipinde. Ikinyumbuka kama inataka kujikunja, aiache dukani.

Matairi yanataka maelezo zaidi, kwa sababu ya mchanga wenu. Tairi la sponji ngumu halipati pancha kamwe na ndilo linalofanya baiskeli nyingi kuwa nyepesi, na ndani ya nyumba au kwenye saruji safi linatosha kabisa. Kwenye vumbi juu ya saruji laini huteleza, kwenye kokoto humtikisa mtoto mpaka mikononi, na likilika baada ya mwaka hakuna fundi wa mtaani atakayekupatia lingine. Tairi la plastiki ngumu, lile linalotoa mlio wa kukwaruza sakafuni, silishauri kwa yeyote. Tairi la upepo huongeza uzito kidogo na siku moja mwiba utalitoboa, lakini humeza mashimo, hushika ardhi ya udongo vizuri, na mpira wake wa ndani hutibika kwa kiraka kama wa baiskeli yoyote. Kwa mazingira yenu ningechukua la upepo, lenye upana wa inchi mbili hivi, na lisijazwe likawa gumu kama jiwe, bali libonyee kidogo ukilikandamiza kwa kidole gumba. Dada yako asome ubavuni mwa tairi: kama imeandikwa 12 1/2 x 2 1/4, hicho ni kipimo kinachotumiwa na baiskeli nyingi ndogo zenye pedali na hata mikokoteni ya watoto, kwa hiyo vipuri haviwezi kuwa shida kubwa.

Niwe mkweli kuhusu ua wenu: hakuna tairi litakalomwezesha mtoto wa kilo 12 kwenda kwenye mchanga mkavu uliolegea. Gurudumu huzama, mtoto husukuma, baiskeli haiendi, naye huchoka na kukasirika. Tafuteni ardhi iliyoshikamana. Baraza la nyumba likiwa pana na bila ngazi linafaa kwa siku za kwanza. Kiwanja cha shule siku za mapumziko, kwa ruhusa ya wenyewe, kinafaa sana, na vivyo hivyo uwanja wa mpira wenye udongo mgumu au majani mafupi. Hata ufukweni, maji yanapokupwa, mchanga mbichi hukaza ukawa mzuri wa kupita, mradi jioni mwoshe baiskeli yote kwa maji ya bomba na kuikausha, hasa kwenye ekseli na chini ya usukani. Njia ya bodaboda isiwe mahali pa mazoezi hata kwa dakika tano za jioni kunapoonekana kumetulia, na geti lifungwe kwa komeo kila anapokuwa juu ya baiskeli. Mtoto huyu hukimbia kasi kuliko anavyofikiri, na kimo chake hakionekani na mwenye pikipiki anayekata kona. Angalieni pia mteremko unaoishia kwenye mtaro au ngazi, kisima, na shimo lisilofunikwa. Mwanzoni chagueni mahali tambarare kabisa.

Breki ya mkono kwa miaka miwili na miezi minne si ya lazima, na sioni sababu ya kulipia zaidi kwa ajili yake. Vidole vyake bado haviufikii mkono wa breki kwa nguvu ya kutosha, na kwa sasa atasimama kwa kuburuta miguu. Kuanzia miaka mitatu na kuendelea huanza kuwa na maana, na ikiwepo iwe ya gurudumu la nyuma. Kwa sababu miguu ndiyo breki yake, asivae kandambili. Avae viatu vya kufunika vidole vyenye soli ya mpira, na kanzu yake ya Ijumaa ivuliwe kwanza, kwa kuwa upindo wake unaweza kuingia kwenye gurudumu ingawa mnyororo haupo.

Jambo moja dogo ambalo watu wengi hawalitazami ni ncha za usukani. Vishikio vya mpira viwe vimefunika ncha zote mbili na viishie kwa kitufe kinene, kipana kuliko bomba lenyewe. Madaktari wa watoto wanazijua ajali za mtoto kuangukia ncha ya usukani kwa tumbo, ambapo juu ya ngozi pengine huonekana alama ndogo tu ilhali ndani ini, bandama au utumbo umeumia. Kishikio kikichanika na bomba likachungulia nje, kibadilishwe siku hiyo hiyo, na kama mtoto ameangukia usukani kisha akalalamika tumbo au kutapika, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Dada yako apitishe pia kidole kwenye nati na bolti zote zilizo karibu na miguu na magoti, ahakikishe zimezama au zimefunikwa, asikie kama kuna kingo ya kukata.

Kuhusu alama za boksi, baiskeli hizi ndogo, ambazo kiti chake hakizidi sentimita 43.5 hata kikipandishwa mwisho, kwa viwango vya Ulaya huhesabiwa kuwa kifaa cha kuchezea na hupimwa kwa kiwango cha EN 71. Zile ambazo kiti hupita hapo mpaka sentimita 63.5 huingia katika kiwango cha ISO 8098 cha baiskeli za watoto. Kwa kuwa yeye ananunua Oman, atafute pia alama ya G ya nchi za Ghuba, ambayo inatakiwa kwenye vifaa vya kuchezea watoto vinavyouzwa huko. Boksi lisilo na alama yoyote wala jina la mtengenezaji aliache. Na kama hatimaye mtaamua kununua ya mtumba hapa nyumbani, ishikeni breki au gurudumu la mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga kwenye shingo ya usukani, imelegea. Tazameni maungio ya fremu chini ya shingo kama kuna ufa kwenye rangi, na msikubali bomba la kiti lililovutwa juu kupita mstari wake wa mwisho.

Pesa mtakazookoa kwa kuacha breki na madoido, zinunulieni kofia ngumu. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu naona wazazi wakinunua baiskeli na kusema kofia itafuata, nayo haifuati. Pima kichwa chake kwa futi ya nguo juu kidogo ya nyusi, ununue kwa sentimita hizo. Kofia ikae sawa, isirudi nyuma kisogoni, ukingo wa mbele ukiwa vidole viwili juu ya nyusi; mikanda ikutane kama herufi V chini ya kila sikio, na kati ya mkanda na kidevu ipite kidole kimoja au viwili tu. Alama ya EN 1078 ndiyo ya kutafuta kwenye kofia za baiskeli za Ulaya. Msichukue kofia ya mtumba, kwa kuwa iliyowahi kupigwa chini inaweza kuwa imepasuka ndani bila kuonekana nje, wala msimvishe ya pikipiki, ambayo ni nzito kwa shingo yake. Akishuka kwenye baiskeli akakimbilia bembea au mti wa kupanda, ivueni, maana mkanda ukinasa unaweza kumkaba.

Kuanza kwenyewe hakuhitaji mwalimu, ila kunahitaji mtu mzima mwenye subira. Siku za kwanza atatembea tu, baiskeli ikiwa katikati ya miguu, kiti hata hajakigusa. Mwacheni. Halafu ataketi na kutembea, hatua zitarefuka, ataanza kukimbia ameketi, na siku moja atanyanyua miguu yote miwili kwa muda mfupi bila kuambiwa na mtu. Wengine hufika huko baada ya siku chache, wengine miezi, na wengine huiacha baiskeli kabisa kwa wiki kadhaa kisha wakairudia wenyewe. Baba yake asimshike usukani wala asimsukume mgongoni ili aende kasi, kwa sababu mkono wa mtu mzima unaifanya ile kazi ya mizani ambayo mtoto alitakiwa aifanye. Akitaka kusaidia, atembee kando yake na mkono uwe karibu na bega bila kumbana. Robo saa ya jioni, jua likiwa limepoa, inatosha, na mkomee kabla hajachoka. Kila baada ya miezi miwili mitatu mkipime kiti upya na kukipandisha kidogo.

Mtajua yuko tayari kwa pedali atakapoweza kuteleza miguu ikiwa juu kwa mita kadhaa, akakata kona kulia na kushoto akiwa bado anateleza, na kusimama pale anapotaka. Kwa watoto wengi hilo huwa kati ya miaka mitatu na nusu na mitano, nanyi msilikimbilie. Hapo ndipo ushauri wa mumeo wa kununua baiskeli yenye pedali utakapokuwa umefika wakati wake, na aende sokoni yeye mwenyewe, akiwa amepima mguu wa mtoto kwa namna ile ile niliyoeleza. Achague ambayo kiti kinashuka mpaka mtoto afike chini kwa miguu yote miwili, ajaribu kama vidole vya mtoto vinaufikia mkono wa breki, na vile vigurudumu vya pembeni, ambavyo mara nyingi huja vimefungwa tayari, amwambie fundi avifungue hapo hapo dukani. Hii ndogo, kama fremu na shingo yake bado ni nzima, itamfaa mdogo wake Mungu akiwajalia, au mtoto wa jirani, kwa hiyo hakuna kitakachotupwa.

Shangazi yako